Jabali la Foamu Uani kwa Shangazi

Maskati kila ukiinua macho unaona mlima, kwa hiyo nilimcheka shangazi yangu wa Al Khuwair aliponiambia anataka jabali uani, maji yachirizike. Jiwe la kweli halikuwezekana. Mwamba wa hapa, mita moja ya ujazo inakaribia tani 3, na chini ya ua ule kuna tangi la maji. Foamu nyeupe ya kufungia majokofu, ile ambayo madukani hapa wanaiita filini, kwa ujazo huohuo ina kilo 20 hivi. Nikachukua foamu.

Nilipomaliza kuchonga la kwanza, shangazi alilizunguka kimya, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona limeumuka kama andazi?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimechonga jiwe la kichwani mwangu. Kesho yake alfajiri nikaenda Mutrah, nikasimama chini ya miamba inayoikabili bahari. Haina mviringo hata kidogo. Ni mwamba uliopandishwa kutoka chini ya sakafu ya bahari ya kale, rangi yake kama buni iliyokaangwa ikaungua kidogo, umepasuka kwa mistari iliyonyooka inayokatana kwa pembe, na ndani ya nyufa mna mishipa myeupe. Nikapiga picha, nikaokota na kipande cha kiasi cha ngumi. Kipande kile ndicho kilichonifundisha kazi.

Mapande nayaunganisha kwa vijiti vya mishikaki na gundi ya maji. Gundi yenye harufu kali usiiguse, inaila foamu. Rangi ya kopo la kupuliza nayo ni hivyohivyo. Niliijaribu kwenye kona moja, kona ikanywea mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai. Kukata, msumeno wa mkono unatosha. Waya wa moto unakata vizuri zaidi lakini moshi wake ni mbaya, fanya nje na uvae barakoa. Nyufa nazichora kwa kisu, kwa kina, maana plasta itazijaza nusu. Kisha brashi ya waya juu ya kila uso unaong'aa, ili saruji ipate pa kushika.

Linalolibeba jabali ni ganda lake. Natandika wavu wa faibaglasi, ule wa plasta usioliwa na saruji, halafu saruji moja kwa mchanga mbili, na ndani ya maji ya kukorogea natia dawa ya mpira ya wajenzi. Mkono wa kwanza mwembamba na wa kukwaruza. Wa pili kama sentimita moja, na ukianza kukaza, nalifunga lile jiwe la Mutrah kwa nailoni nikaligandamiza huku na huku, likigeuzwageuzwa alama zisifanane.

Jua ndilo adui. Sheria ya Oman inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti, na saruji nayo ingeshukuru. Mimi napaka baada ya alasiri, nafunika magunia mabichi, nayarowesha siku saba. Ganda la kwanza sikulifunika. Asubuhi lilikuwa na nyufa ambazo sikuzichora mimi.

Rangi ni ya maji, nyepesi kama chai ya rangi: nyeusi kwanza, iteremke nyufani, kahawia juu yake, kisha sifongo kavu yenye rangi hafifu kwenye ncha tu.

Maji usiyaachie jabali lenyewe liyazuie. Weka beseni au karatasi ya bwawa chini yake. Ukitaka samaki, badilisha maji mara kadhaa kwanza, kwani chokaa ya saruji mpya inawaua.

Shangazi siku ya kwanza alitaka kuweka chetezo juu ya jabali, ubani ufuke pamoja na maji. Nikakiondoa. Foamu inaweza kuyeyuka na kushika moto hata ikiwa ndani ya saruji, basi na wewe makaa yako yaweke mbali.