Al-Razi na Wagonjwa Aliowaacha: Maneno ya Msingi ya Jaribio la Kisayansi



Ndugu msomaji, katika darsa zetu tunapenda kutaja kwamba Waislamu walitangulia katika sayansi. Mmoja wa wanaotajwa sana ni tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefanya kazi katika hospitali za Rayy na Baghdad na kufariki katika karne ya 10. Ni mfano mzuri, ila mara nyingi tunausimulia nusu. Leo tuusome wote, na ndani yake tujifunze maneno ambayo mwanafunzi hutakiwa kuyajua kabla hajaingia maabara.

Katika al-Hawi, kitabu kikubwa kilichokusanywa kutokana na maandishi yake baada ya kufa kwake, al-Razi anaeleza dalili za sirsam, yaani uvimbe wa utando wa ubongo: kichwa na shingo kuuma, mgonjwa kuukimbia mwanga. Tiba ya zama hizo ilikuwa kutoa damu kwa kukata mshipa (fasd, tusiichanganye na hijama). Anasema aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa, na wengine akawaacha kwa makusudi ili apate kujua.

Hapo pana karibu kila neno tunalolihitaji. Nadharia tete ni dai linaloweza kupimwa na likaonekana si kweli: "kutoa damu huzuia sirsam." Kigeu huru ni kile mtafiti anachokibadilisha mwenyewe, hapa kutoa damu au kutotoa. Kigeu tegemezi ni kile anachosubiri kukiona: mgonjwa amepatwa na sirsam au amesalimika. Mengine yote, kama umri, chakula na ukali wa dalili, yanapaswa kuwa sawa kwa pande zote mbili. Na wale walioachwa ndio kundi la udhibiti.

Neno hili la mwisho ndilo tunalolisahau zaidi. Mwenzetu bwenini anakunywa habbat sauda siku saba, mafua yanaisha, anatangaza kwamba amethibitisha. Hapa hatujadili hadithi, tunajadili hesabu yake yeye. Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa muda kama huo. Bila watu waliougua vilevile na hawakunywa, hana cha kulinganisha nacho.

Sasa ile nusu nyingine. Al-Razi alihitimisha kwamba kutoa damu kunafaa. Leo tunajua haikuwa hivyo. Sirsam inayoletwa na bakteria hutibiwa kwa antibiotiki. Kundi la udhibiti alikuwa nalo, basi tatizo liko wapi? Maelezo yake hayasemi wagonjwa walikuwa wangapi, na sampuli ikiwa ndogo, bahati peke yake yaweza kuleta tofauti. Wala hayasemi aliwagawa vipi. Tabibu akichagua mwenyewe, anaweza bila kukusudia kumtibu mwenye nguvu na kumwacha aliye dhaifu. Huo ndio upendeleo, na hauna uhusiano na uongo; mtu mkweli kabisa huingia humo.

Hata James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, mwaka 1747 aligawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, chakula chao kikiwa kimoja. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi. Watu wawili tu! Alifanikiwa kwa kuwa athari ya matunda yale ni kubwa mno.

Dawa ya upendeleo ni ugawaji wa nasibu: nani aingie kundi lipi huamuliwa kwa bahati, kama kura, si kwa jicho la daktari. Jaribio mashuhuri la namna hiyo, la streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu Uingereza, lilichapishwa mwaka 1948, zaidi ya miaka elfu moja baada ya al-Razi.

Zoezi: chukua ripoti yako ya mwisho ya maabara. Andika pembeni kigeu huru, kigeu tegemezi na kundi la udhibiti. Kisha ujiulize: nani alichagua kipi kiende wapi, na alichaguaje?