Kasha Tupu la Tuba na Nauli Yake



Wengi wenu mnazo tarumbeta katika sharika zenu, maana desturi hii ilitujia pamoja na wamisionari Wajerumani, nayo imekaa kwetu hata leo. Twapiga siku za sikukuu, na makaburini pia twapiga. Kwa hiyo nadhani somo hili litawafaa walimu na wazee, ingawa ni somo la hesabu wala si la nyimbo. Mimi mwenyewe nalijifunza kwa kuaibika.

Wakati wa kiangazi mchwa waliingia katika stoo yetu, wakala kasha la tuba. Tuba yenyewe haikudhurika, maana mchwa hawali shaba. Lakini chombo kikubwa namna ile kikikosa kasha hakidumu. Kikipakiwa garini kupelekwa mazishini, mdomo wake hugongwa na mabomba yake hubonyea. Na besi ikiharibika wapigaji wengine hawana pa kuegemea. Tukamwandikia ndugu mmoja huko Ujerumani, rafiki wa usharika wetu wa siku nyingi. Akajibu kwamba analo kasha tupu la tuba, tena imara, naye atatupa bure. Sisi tulipe nauli tu.

Mzee mmoja wa usharika akaniuliza nauli itakuwa kiasi gani. Nikamjibu bila kusita, “Kasha tupu, mzee wangu, lina uzito gani? Ni kilo 9 tu.” Nikauliza bei ya kilo moja kwa ndege, nikazidisha kwa 9, nikatangaza jumla yake siku ya Jumapili. Watu wakatoa. Akina mama wakauza mayai na ndizi. Baada ya majuma matatu ikaja hesabu ya wakala wa mizigo, imeandikwa kilo 55. Nalidhani karani amekosea, nikampelekea barua yenye maneno makali kidogo. Naye akanijibu kwa upole, akinieleza jinsi wanavyopima. Karani hakukosea, aliyekosa ni mchungaji, naye ilimpasa kusimama tena mbele ya usharika na kueleza.

Jambo lenyewe ni hili. Ndege ina mipaka miwili: uzito inaoweza kuinua, na nafasi iliyomo tumboni mwake. Mtu akileta misumari, humaliza uzito kabla ya nafasi. Mtu akileta makasha matupu, humaliza nafasi, na ndege huruka nyepesi bila kupata fedha za kutosha. Sisi twalijua jambo hili tangu zamani, ila hatukulifikiri. Ukipandisha matenga matupu ya kuku juu ya basi, je, utingo atakuuliza uzito wake? La, atatazama mahali yanapokaa.

Basi wenye ndege huupima mzigo mara mbili. Kwanza huuweka mizanini. Kisha hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha tarakimu hizo tatu, na jumla huigawanya kwa 6000. Jibu huitwa uzito wa nafasi. Katika hizo mbili, ile iliyo kubwa ndiyo hulipiwa. Shika kalamu ufanye pamoja nami. Kasha letu lina urefu wa sentimita 110, upana 60 na kimo 50. Zidisha: 330,000. Gawanya kwa 6000: 55. Hizo ndizo kilo za yule karani. Kampuni za kupeleka vifurushi mpaka mlangoni mara nyingi hugawanya kwa 5000, na hapo kasha lile lile huwa kilo 66. Kasha gumu la fidla kubwa ya besi, ile ipigwayo mtu akiwa amesimama, laweza kuwa na sentimita 210 kwa 80 kwa 60. Hilo ni kilo 168, ingawa watu wawili hulibeba bila taabu.

Angalieni mambo mawili ambayo wengi hawayaangalii. Kasha la tuba ni pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Lakini kipimo huchukuliwa mahali palipo parefu kuliko pote, na papana kuliko pote, kana kwamba ni sanduku la mraba. Hewa iliyo pembeni mwa upande mwembamba nayo hulipiwa. La pili ni makaratasi na maboksi ya kufungia. Kila kipimo kikizidi kwa sentimita 5 tu, kasha letu huwa 115 kwa 65 kwa 55, yaani karibu kilo 69. Zile kilo 14 za nyongeza ni boksi na hewa.

Merini hesabu ni nyingine, lakini shina lake ni moja. Hata neno tani latokana na mapipa ya divai, maana zamani huko Ulaya ukubwa wa meli ulihesabiwa kwa mapipa inayoweza kuchukua. Siku hizi mita moja ya ujazo huhesabiwa sawa na kilo 1000, na kilicho kikubwa ndicho hulipiwa. Kasha letu ni theluthi ya mita ya ujazo, na bei yake ingekuwa nafuu sana, ila mawakala wengi hawapokei malipo yaliyo chini ya mita moja nzima. Basi anayeleta kasha moja hulipia matatu. Sharika tatu zikipatana, makasha matatu hujaza mita ile karibu kamili, na kila usharika hulipa theluthi yake.

Liko na neno la forodha, nalo lilinishangaza kuliko yote. Kwa kanuni ya mataifa, kasha lililotengenezwa kwa umbo la chombo fulani, likifika pamoja na chombo chake, huhesabiwa kuwa sehemu ya chombo hicho, katika fungu la vyombo vya muziki. Likifika tupu, huwekwa katika fungu la mikoba na masanduku ya safari. Kasha ni lile lile, bali fungu si lile, na ushuru waweza kuwa mwingine. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Je, mtu afanyeje? Ikiwa ni lazima kasha lije kwa ndege, lisije tupu. Letu lingelipiwa kilo 55 nalo lina 9. Zilibaki kilo 46 ambazo tungeweza kutia tarumbeta ndogo, vitabu vya nyimbo na kanzu za kwaya, pasipo kuongeza nauli. (Kila kilichomo na kiandikwe katika hati kwa kweli, wala bawaba zisilemewe.) Kama yuko msafiri, aulize kwanza bei ya mzigo mkubwa. Kampuni nyingi za ndege huweka mpaka wa kilo 23, na sentimita 158 kwa vipimo vitatu vikijumlishwa. Letu ni 220, kwa hiyo lingetozwa zaidi, lakini huenda isifike nauli ya kilo 55.

Sisi hatukuliagiza. Nalisoma hesabu yote mbele ya usharika, nikauliza kama watu wanataka kurudishiwa fedha. Wakasema tumwite seremala. Akaipima tuba, akatengeneza kasha la plaiwudi, ndani akatia sponji na kitambaa cha khanga alichotoa mama mmoja. Lina uzito wa kilo 14, na vijana wanaolibeba hunung'unika njiani. Fedha zilizokusanywa zilitosha, zikabaki kidogo za kununua dawa ya mchwa.

Yule ndugu wa Ujerumani nimemwomba asiligawe kasha lake. Usharika jirani umeahidiwa tuba kutoka mji ule ule, nayo haina kasha. Zitakuja pamoja kwa meli, tuba ikiwa ndani.