Maji ya Rejeta Yanapopungua Bila Kuvuja

Yako magari yanayoongezwa maji kila asubuhi ilhali chini hakuna hata tone. Dereva anayeendelea kuongeza tu anaweza kuua injini akipanda kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa, abiria wakiwa ndani.

Ukaguzi ufanywe injini ikiwa baridi, kwani rejeta yenye moto ikifunguliwa huunguza uso. Dereva aanze na kifuniko chenyewe, kipuri cha bei nafuu ambacho wengi hukisahau. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu huchemka hapa karibu nyuzi 96 za Selsiasi, si 100. Kifuniko hushikilia presha ili yasichemke mapema. Mpira wake ukichakaa, maji hutoka kama mvuke njiani, na gari likifika stendi hakuna alama iliyobaki.

Kifuniko kikiwa kizima, aguse zulia la mbele upande wa abiria. Unyevu wenye harufu tamu ni dalili ya hita kuvuja. Kisha achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huashiria gasketi ya silinda hedi imeungua. Gari hilo lisiendeshwe. Hata hivyo, fundi apime kwanza mfumo kwa pampu ya presha, kabla mwenye gari hajakubali injini ifunguliwe.

Maji ya ziwani yasitiwe kamwe: tope na mwani huziba mirija myembamba ya rejeta.