SOMO LA KIKUNDI: KUTAFUTA HATI NA PROGRAMU HURIA ZA MTANDAO WA KOMPYUTA

Shabaha ya somo: Mwisho wa somo hili, katibu na wanachama waweze kueleza jinsi habari zinavyosafiri kati ya kompyuta na kompyuta, wajue mahali zinapopatikana hati za kanuni zake, na waweze kumhoji muuzaji kabla ya kutia sahihi mkataba.

1. Kwa nini jambo hili linakihusu chama

Chama cha msingi kinapotaka kuunganisha kompyuta yake na ile ya Union, hutia sahihi mkataba na muuzaji wa vyombo. Katika mkataba huo bei ya kila kifaa huandikwa. Jambo linaloweza kusahauliwa ni lugha ambayo vyombo hivyo vitazungumza. Ikiwa lugha hiyo inajulikana na muuzaji peke yake, siku atakapopandisha gharama za matengenezo au kufunga duka chama hakitakuwa na pa kukimbilia. Hesabu za malipo ya wakulima zitakuwa zimo ndani ya mashine, na fundi mwingine hataweza kuzifikisha Union. Chama kitakuwa kimenunua mali na kuuza uhuru wake.

Kinga ipo, tena haina bei. Kanuni za mawasiliano zinazotumika zaidi duniani zimeandikwa waziwazi, na programu zinazozitekeleza zinapatikana bure.

2. Pakiti na itifaki

Simu ya zamani ilishika njia nzima kwa ajili ya watu wawili hadi wamalize mazungumzo. Mtandao wa kompyuta hukata habari katika vipande vidogo, na vipande vya watu wengi hutumia njia moja kwa zamu. Wazo hilo lilifikiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake: Paul Baran wa Shirika la RAND la Marekani, ambaye maandishi yake yalitolewa mwaka 1964, na Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, aliyeanza kulishughulikia mwaka 1965. Davies ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la pakiti.

Mfano wake ni chama kinachopeleka magunia 200 ya kahawa kwenye ghala la Union. Kila gunia lina alama ya chama na namba yake. Magunia hupakiwa katika malori mbalimbali. Lori moja hupita njia ya juu, jingine njia ya chini, na la tatu hukwama matopeni. Karani wa ghala huyapanga kwa namba, hutoa stakabadhi ya yaliyofika, na hudai yaliyokosekana.

Kanuni zinazoongoza kazi hiyo huitwa itifaki. Itifaki ya IP hueleza anwani inayoandikwa juu ya pakiti, kama alama ya gunia. Itifaki ya TCP hufanya kazi ya karani: kuhesabu, kupanga, kukiri kupokea, na kuhakikisha kilichopotea kinapelekwa tena. Itifaki hizo mbili ndizo msingi wa intaneti. Mtandao wa ARPANET wa Marekani, uliopeleka ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969, ulihamia katika TCP na IP tarehe 1 Januari 1983.

3. Hati zinapatikana wapi

Hati za itifaki za intaneti hujulikana kwa herufi RFC, maana yake maombi ya maoni. Ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Los Angeles, tarehe 7 Aprili 1969. Jina lenyewe lina unyenyekevu: mwandishi hakutoa amri, bali aliomba wenzake waseme. Jon Postel alizihariri na kuzitunza kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1998. Leo zimezidi 9,000, na zote husomwa na kunakiliwa bila malipo katika anwani rfc-editor.org.

Si mashirika yote yaliyokuwa na desturi hiyo. Itifaki ya X.25, iliyopitishwa mwaka 1976 na kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu, ilitumiwa sana na mashirika ya simu. Lakini hati za kamati hiyo ziliuzwa. Ni tangu mwaka 2007 tu ambapo mapendekezo mengi ya shirika lililoirithi, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, yalianza kutolewa bure. Hati za Shirika la Kimataifa la Viwango zingali zinauzwa kwa sehemu kubwa.

Msomaji wa RFC hana budi kuangalia mambo mawili. Kwanza, hati ikishatolewa haibadilishwi. Ikihitaji marekebisho makubwa huandikwa nyingine yenye namba mpya. Kwa hiyo TCP, iliyoelezwa katika RFC 793 ya Septemba 1981, leo inaelezwa katika RFC 9293 ya Agosti 2022. Faharasa huonyesha hati ipi imechukua nafasi ya ipi. RFC 791 ya IP, yenye kurasa 45 tu, ingali na nguvu, ijapokuwa imerekebishwa na nyingine zilizofuata.

Pili, si kila RFC ni kiwango kilichokubaliwa. Nyingine ni taarifa tu, nyingine ni majaribio, na chache ni mzaha wa tarehe 1 Aprili. RFC 1149 ya mwaka 1990 ilieleza namna ya kupeleka pakiti kwa njiwa. Mwaka 2001 kikundi cha watu wa Bergen, Norwei, waliijaribu kwa njiwa hai: pakiti 9 zilitumwa, majibu 4 yakarudi. Hadhi ya kila hati imeandikwa katika faharasa, na katibu aisome kabla ya kuitaja katika mkataba.

4. Programu na leseni zake

Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilitoa TCP na IP ndani ya mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983. Hata hivyo aliyeutaka alihitaji kwanza leseni ya kampuni ya AT&T. Mwaka 1989 chuo kilitenga sehemu ya mtandao na kuitoa peke yake, kila mtu akiruhusiwa kuinakili na kuibadili. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finlandi alianza kutoa Linux, ambayo nayo hubeba itifaki hizo. Kwa kuchunguza pakiti zinazopita ipo tcpdump, iliyoanza mwaka 1988, na Wireshark, iliyoanza mwaka 1998 kwa jina jingine.

Kupewa bure si sawa na kuwa huru. Programu inaweza kutolewa bila malipo, lakini maandishi yake ya asili yakafichwa. Mwenyewe akibadili nia, mtumiaji hana la kufanya. Programu huria huja na maandishi hayo pamoja na ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Leseni ya BSD huruhusu karibu kila tendo, mradi jina la mwenye kazi libaki. Leseni ya GPL, inayotumiwa na Linux, humtaka anayegawa programu aliyoirekebisha atoe na maandishi yake, ili anayepokea asipungukiwe haki.

5. Kazi ya katibu

Kabla ya mkataba, katibu amtake muuzaji ataje kwa maandishi itifaki ambazo vyombo vyake vinatumia, pamoja na namba za hati zake. Jibu la kwamba ni siri ya kampuni liwe onyo kwa halmashauri. Vyombo vikifika, fundi wa Union avipime kwa Wireshark, kama vile mizani inavyopimwa kwa jiwe la uzito unaojulikana. Upimaji huo ufanywe katika mtandao wa chama wenyewe, kwa idhini ya halmashauri, kwa sababu chombo hicho chaweza kuonyesha siri za watu. Programu zichukuliwe kwa watengenezaji wake wenyewe. Hati zichukuliwe mara moja na Union, kisha zinakiliwe na kugawiwa vyama vilivyo mbali na mtandao.

Mwanachama ana haki ya kukagua daftari la chama chake. Daftari likiwa ndani ya mashine, haki hiyo haina maana kama hakuna awezaye kuifungua mashine ila aliyeiuza.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti ya kazi ya IP na kazi ya TCP kwa mfano wa zao la chama chenu.
2. Muuzaji ametaja RFC 793 katika mkataba. Katibu amwulize nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya programu ya bure na programu huria?
4. Vyombo vya chama chenu vinatumia itifaki zipi, na ni nani mwenye hati zake?