Namna ya Kutunza Orodha ya Milima Uliyopanda

Mkazi wa Shinyanga au Geita anaweza kudhani kupanda milima kwa orodha ni shughuli ya watu wa Moshi na Arusha. Lakini basi la Arusha linalotoka kwetu, likishapita Nzega, Igunga na Singida, linapita Katesh, chini kabisa ya Mlima Hanang wenye mita zipatazo 3,420. Safari ya kuufikia ni nauli ya basi tu. Kinachohitaji subira ni kupanga na kutunza kumbukumbu.

Orodha ni majina ya milima unayokusudia kuipanda, pamoja na sharti linaloamua upi unaingia na upi hauingii. Mwaka 1891 Hugh Munro alitoa orodha ya milima ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yaani mita 914. Leo ina vilele 282, na wapo wanaoifuata miaka mingi hadi waimalize. Sharti hilo usiliazime, maana Shinyanga mjini penyewe pana zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa Tanzania mimi napendekeza uanzie mita 2,000. Hapo unapata Lupanga wa Morogoro (2,138), Rungwe wa Tukuyu na Ol Doinyo Lengai, wote wawili wakikaribia 3,000, kisha Hanang, Meru na Kilimanjaro. Orodha kama hiyo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuimaliza kwa likizo zake za miaka kadhaa.

Je, kila kichuguu kilicho juu ya mlima kinahesabiwa? Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Meru Ndogo ina mita zipatazo 3,820, lakini ukitoka kwenye vibanda vya kulala vilivyo chini yake unapanda kama mita 250 tu. Hilo ni bega la Mlima Meru. Kilele cha Mawenzi, huko Kilimanjaro, ni habari nyingine: kina mita 5,149 na kimetengana na Kibo, kilele kikuu, kwa bonde pana, kwa hiyo ni kilele kinachojitegemea. Hata hivyo kinahitaji kamba na ufundi wa kupanda miamba, kwa hiyo anayeanza akiache nje ya orodha. Andika sharti lako kwenye ukurasa wa kwanza kabla hujaanza, usije ukalilegeza siku utakapochoka.

Nunua kaunta buku. Kwa shilingi elfu chache inakutosha miaka. Kila mlima upe ukurasa wake. Andika jina, urefu, tarehe, lango au kijiji ulikoanzia, saa ya kuanza, saa ya kufika juu, saa ya kurudi chini, nani alikuongoza na hali ya hewa ilikuwaje. Urefu uandike pamoja na mahali ulikoupata, kwa sababu vipimo hutofautiana: Kilimanjaro huandikwa mita 5,895, lakini kipimo cha setilaiti cha 1999 kilitoa 5,892, na Meru utakutana na 4,562 na 4,566. Chagua chanzo kimoja ubaki nacho.

Safari uliyoishia njiani nayo iandike. Taja ulipogeukia na sababu: mvua, giza, maji kuisha, kichwa kuuma. Ukurasa huo ndio utakaokusaidia zaidi mara ya pili, kwa sababu utajua uondoke saa ngapi na ubebe lita ngapi.

Simu janja inasaidia bila bando. Pakua ramani ukiwa mjini. Huko juu simu itapokea mahali ulipo kutoka kwenye setilaiti hata mtandao ukikosekana. Piga picha kileleni, na picha ya skrini yenye saa na mahali. Ukirudi, piga picha ya ukurasa wa daftari umtumie ndugu aliye nyumbani, maana simu hupotea na daftari hulowa. Kilimanjaro, anayefika juu kabisa, Uhuru, hupewa cheti langoni; kibandike humohumo.

Gharama za kupanda hutegemea msimamizi wa mlima. Kilimanjaro na Meru ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hanang na Rungwe ni hifadhi za misitu za TFS, wakala wa misitu wa Serikali. Raia hulipa kwa shilingi, pungufu sana kuliko mgeni. Uliza kiingilio, malipo ya mwongozaji na ya kulala, kisha omba namba ya malipo ya Serikali ulipie benki au kwa simu. Fedha taslimu mkononi bila risiti usitoe.

Kwa Hanang, anza alfajiri na mwongozaji wa Katesh, na beba maji yako yote. Nenda kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima huu yaliwaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Mvua ikianza, ahirisha.

Mazoezi fanyia nyumbani, ila vilima vya Geita vina hatari yake. Maduara yaliyoachwa na wachimbaji hufunikwa na nyasi, na mtu anaweza kutumbukia mchana kweupe. Vilima vingi vina leseni za madini, na vingine wazee wanavitunza kwa matambiko. Muone mwenyekiti wa kijiji kwanza, umwambie unataka kupanda tu, akupe mtu wa kukuonyesha njia.

Kilimanjaro iweke mwisho wa orodha. Huko juu hewa ni nyepesi. Kichwa kikiuma sana, ukitapika au ukiyumba, shuka mara moja hata kama kilele unakiona. Na kabla ya safari yoyote, piga simu ofisi inayosimamia mlima uulize ada za mwaka huu na hali ya njia wiki hiyo.