Miaka Minane na Miaka Kumi

Ndugu msomaji, watu waliosilimu karibuni huuliza sana juu ya sala na saumu, nao hufanya vyema. Lakini ni wachache waulizao: Je, kazini kwangu Islam yanitaka niwe mtu wa namna gani? Mmoja aliyeniuliza hivyo alikuwa karani wa ghala. Aliona shaka: akifanya zaidi ya alichoajiriwa, je, si kumtajirisha bwana wake bure? Swali hilo si la kudharauliwa, na jibu lake limo katika kisa cha Nabii Musa a.s. kilichoelezwa katika Sura Al-Qasas.

Musa alifika Madyan akiwa amekimbia Misri, hana mali wala mwenyeji. Penye maji aliwakuta watu wakinywesha wanyama wao, na kando yao wanawake wawili wakiwazuia wa kwao. Alipowauliza wana nini, walijibu kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Basi akawanyweshea, kisha akaenda zake kivulini kumwomba Mola wake. Hakudai ujira, wala hakusimama pale angoje kusifiwa. Ujira ndio uliomfuata kivulini, mmoja wa wanawake wale alipokuja kwa haya kumwita kwa baba yake.

Ndipo yakafanywa mapatano. Mzee alitaka kumwoza binti yake mmoja, kwa sharti kwamba Musa amtumikie miaka minane. Na akitimiza kumi, itakuwa kwa hiari yake mwenyewe. Tena mzee alisema kwamba hapendi kumtaabisha. Musa alikubali, ila akaweka wazi kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe.

Hapa, ndugu, tusipite haraka. Ile minane ni deni, na ile miwili ni ihsani. Deni hudaiwa, bali ihsani haidaiwi. Bwana anayemshurutisha mtumishi wake kukesha kazini bila ya malipo, kisha akamhubiria habari za wema, hiyo ni dhuluma iliyovikwa kanzu. Hata Nabii alilinda haki yake kabla ya kuanza kazi. Kisha, kama alivyoeleza Ibn Abbas r.a. katika hadithi iliyomo katika Bukhari, akautimiza muda ulio mrefu zaidi.

Karani yule nilimwambia aanze na minane yake: saa ya kufika, hesabu ya magunia, ukweli wa daftari. Maana afikaye kwa kuchelewa asubuhi, kisha akabaki jioni ili aonekane, huyo analipa deni na kuliita sadaka. Suwaid bin Qais r.a. amesimulia kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alinunua suruali kwao, na palikuwapo mtu apimaye kwa ujira. Mtume alimwamuru apime, na mizani aiinamishe. Kwanza kipimo kamili, ndipo kuinamisha.

Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilimpelekea fundi jozi ya viatu, kimoja kikiwa kimefumuka. Siku ya pili nilivichukua, nikalipa tulichopatana. Usiku, nikivivua chumbani, ndipo nilipoona kwamba hata kile cha pili, ambacho uzi wake ulikuwa umeanza kulegea, kimeshonwa upya. Fundi hakuwa amenena neno.