Pikipiki Inayolala Nje: Mwongozo kwa Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Nyumba nyingi za kupanga katika sehemu za Mombasa zilizo nje ya kisiwa zilijengwa kabla pikipiki haijawa chombo cha riziki cha kila mtaa. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Hakuna aliyewaza kwamba ipo siku wapangaji wa nyumba moja watarudi usiku kila mmoja na Boxer au TVS yake. Basi pikipiki hulala kibarazani, kichochoroni, chini ya mwembe au kando ya kibanda cha steji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaolazimika kufanya hivyo: mwanabodaboda, mlinzi wa zamu, fundi, au kibarua wa bandari anayetoka Chaani alfajiri.

Wengi humfikiria mwizi kwanza, na wana haki. Lakini kuna adui asiyekosa usiku hata mmoja, naye ni chumvi.

Chumvi na unyevu

Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi zinazotua kwenye cheni, spoku, ekzosi na viungo vya nyaya. Chumvi ina tabia ya kuvuta maji hewani. Unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, huanza kuyeyuka yenyewe, na usiku wa pwani hupita kiwango hicho mara nyingi. Ndiyo maana chuma hulowa hata pasipo tone la mvua, tena kwa maji ya chumvi, ambayo huharakisha kutu kuliko maji matamu. Anayekaa Timbwani, Shelly Beach, Mtongwe au Shanzu huathirika zaidi, hasa wakati wa kusi. Changamwe iko mbali kidogo na mawimbi, lakini vumbi la malori ya bandari hutuama juu ya mashine na kushika unyevu huohuo.

Hapa ndipo turubai linapoleta madhara. Mtu hurudi saa nne za usiku, injini bado moto, akaifunika pikipiki kwa nailoni hadi chini na kuikaza kwa kamba. Unyevu ulionaswa ndani hukosa njia, nailoni inapopoa hutokwa jasho, na asubuhi tangi na waya vimelowa. Anayefanya hivi kila siku anaiozesha mashine yake huku akiamini anaitunza.

Kanuni ni paa kwanza, turubai baadaye. Mabati mawili juu ya nguzo nne, pande zikiwa wazi, yanafaa kuliko turubai la bei ghali lisilo na paa. Makuti pia yanafaa, maana yanapitisha hewa, ila yasiwe karibu na jiko. Ikiwa hakuna nafasi ya paa, ngoja injini ipoe kabisa, kisha funika kwa turubai lisilogusa ardhi: liache wazi shibiri moja chini ili upepo upite. Asubuhi lifunue na ulianike. Anayeona kazi hiyo ni kubwa ni heri afunike kiti, swichi na tangi peke yake, na sehemu nyingine aziache wazi.

Kuosha kuna mtego wake. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na mifereji ikikauka ndiyo yanayotumika kwa kila kitu. Ukiosha pikipiki kwa maji hayo na kuiacha ikauke, umeongeza chumvi ile uliyotaka kuiondoa. Maji ya kisima yatumike kutoa tope, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, hata kama ni lita tano za mtungi au maji ya mvua yaliyokingwa. Ifute kwa kitambaa, kisha uwashe injini ili sehemu zilizofichika zikauke.

Cheni ipakwe oili nzito ya gia mara baada ya kuoshwa au kunyeshewa, wakati ingali na joto la safari. Oili chafu iliyotoka kwenye injini inapendwa kwa kuwa ni ya bure, lakini ina chembe za chuma na masizi yanayosaga cheni na sproketi. Vichwa vya betri vipakwe Vaseline nyembamba baada ya kukazwa. Oili isifike kwenye breki.

Mahali pa kuegesha

Usiegeshe chini ya mnazi. Nazi moja inatosha kubonyeza tangi, na kuti kavu huvunja vioo. Kivuli cha mwembe ni kizuri ila huleta utomvu na kunguru, na kinyesi cha kunguru kikiachwa juani hula rangi. Mwarobaini ni nafuu. Penye mchanga, kama Mtongwe na baadhi ya mitaa ya Kisauni, weka kipande cha ubao au tofali bapa chini ya stendi, la sivyo itazama usiku na pikipiki ianguke. Penye mteremko, ingiza gia ya kwanza na uelekeze gurudumu la mbele upande wa juu.

Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, na mvua za El Niño za Novemba 2023 zilionyesha jinsi vichochoro vinavyogeuka mito kwa saa chache. Kagua njia ya maji kabla ya masika. Maji yakifika usawa wa ekzosi, usijaribu kuiwasha. Fundi aitoe plagi, akague oili, na akiikuta imegeuka nyeupe kama maziwa aibadilishe kabla injini haijazungushwa.

Ukumbi wa nyumba

Wengi huingiza pikipiki ukumbini usiku kwa kuogopa wizi. Jambo hili linahitaji uangalifu mkubwa kuliko mengine yote yaliyomo humu, kwa sababu linahusu maisha ya watoto wa watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kuufuata moto wa jiko la makaa, la gesi au koroboi hata hatua kadhaa kutoka kwenye tangi. Na katika nyumba ya Kiswahili ukumbi ndio njia ya kutokea ya kila chumba. Pikipiki ikishika moto pale, wote waliolala wamefungiwa.

Kama kuna ua, pikipiki ilale uani. Kama hakuna budi ila ukumbini, wapangaji wote na mwenye nyumba wakubaliane kwanza. Ifunge koki ya mafuta, ingoje ipoe nje, isukume bila kuiwasha, iegemee ukuta mmoja ili mtu mzima aweze kupita, na iwe ikitazama mlangoni. Jiko lolote liondolewe ukumbini. Pikipiki inayovuja mafuta isiingie hata kwa usiku mmoja. Petroli ya akiba ya kuuza kwa chupa isiwekwe ndani kabisa.

Mwizi

Kufuli ya usukani pekee huvunjwa kwa nguvu za mikono. Tumia mnyororo mnene unaopita kwenye fremu na gurudumu la nyuma, na uufunge kwenye kitu kisichong'oka. Kilicho bora ni pete ya chuma iliyozikwa kwenye zege, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Mnyororo usilale chini, maana ukigusa ardhi hupigwa nyundo kwa urahisi. Tundu la kufuli litazame chini, na litiwe tone la oili kila wiki mbili ili chumvi isilizibe. Majirani wenye pikipiki mbili au tatu wazifunge pamoja.

Mkilaza pikipiki kwenye steji kwa kuajiri mlinzi, andikeni makubaliano: nani anapokea, saa ngapi, zipo ngapi, na hasara italipwaje. Daftari la kusainiwa jioni na asubuhi huzuia ugomvi ambao umevunja vikundi vingi.

Ukisafiri kwa wiki kadhaa, jaza tangi ili lisishike kutu ndani, funga koki na uache kabureta iishe mafuta, weka stendi ya kati, na uzibe ekzosi kwa kitambaa chenye rangi kali utakachokiona ukirudi. Panya hupenda waya chini ya kiti, kwa hiyo usiache mabaki ya chakula hapo. Betri itolewe, waya wa hasi ukianza. Lakini kama pikipiki ni ya mkopo na ina kifaa cha kuifuatilia, iarifu kampuni kabla ya kugusa betri, maana umeme ukikatika ghafla wanaweza kudhani kifaa kinachezewa.

Karatasi

Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo wengi wanayo, hailipi pikipiki ikiibwa. Anayelaza nje na kuitegemea kwa mlo wa kila siku aulize gharama ya bima kamili, na asome masharti kuhusu mahali inapolala usiku. Hakikisha logibuku iko kwa jina lako kwenye rekodi za NTSA, kwani wengi hununua pikipiki kwa mkono na kuuacha uhamisho. Logibuku isiwekwe chini ya kiti. Piga picha ya nambari ya chesisi na ya injini, na umtumie ndugu mmoja azihifadhi.

Ikiibwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyohiyo, upate nambari ya OB, kisha uombe abstrakti ya kupeleka kwa bima. Kama ina kifaa cha kufuatilia, kampuni ipigiwe simu kabla hujaondoka nyumbani, kwa kuwa wezi hung'oa betri mapema na kifaa hubaki na umeme wake mdogo wa ndani kwa muda mfupi tu.